Sura ya Nne: Shimo la Kitambaa Chekundu

Inspekta Hersi alifika Kiamwiru asubuhi ya ukungu, na Nderitu, msimamizi wa kampuni ya bwawa, hakungoja hata injini ya Land Rover izimwe.

"Afande, huyo mtu wa makumbusho ndiye aliweka hiyo mifupa. Mshike tu tumalize maneno. Kesho matrakta yanaingia hapa."

"Tusalimiane kwanza," Hersi alisema.

Nderitu alitoa mkono shingo upande. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kazi iliyombana, na kwa siku mbili wafanyakazi wake walikuwa wamekataa katakata kushika sepetu. Hawakuwa wamegoma kwa ajili ya mshahara. Walikuwa wameona fuvu la mtu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imeamua kuziba mto wa Kiamwiru na kulijaza bonde maji, ili watu wa ng'ambo ya pili wapate ya kunywa na ya kunyunyizia. Kabla ya bonde kuzama, makumbusho ya Nairobi yalimtuma kijana mmoja, Gicheru, alikague lote kwa miguu, asije mtu akazamisha mambo ya kale bila kujua. Gicheru alifanya kazi hiyo miezi kadhaa, macho chini. Alipoona vigae vya vyungu vya zamani au mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa kale, alisimamisha kijiti chenye kitambaa chekundu. Kisha alichimba hapo shimo dogo, akachekecha udongo, akaandika alichokiona, akafukia. Alikuwa amemaliza na kufunga mizigo. Mvua ikanyesha, udongo wa shimo moja ukabonyea, na asubuhi yake fuvu likawa limechungulia.

Sasa Hersi alitakiwa aamue kabla ya jua kuzama. Mifupa ikiwa ya kale, ingetiwa ndani ya sanduku na kupelekwa Nairobi. Ikiwa ya juzi, ilikuwa mali ya polisi. Na ikiwa Gicheru aliipanda pale ili kazi yake isiishe, basi Gicheru angelala rumande Nyeri.

"Yule ni nani?" Hersi aliuliza.

Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi nyasini hatua chache kutoka shimoni, amejifunika shuka mabegani, miguu ameinyoosha mbele. Hakuwa akilia wala kusali. Alikuwa akitazama tu.

"Huyo ni Mama Wachuka," Nderitu alisema. "Anatuuzia kuni za jikoni. Tangu juzi hatoki hapo. Nimemfukuza mpaka nimechoka."

Hersi alimwendea akachuchumaa, akamwamkia kwa Kikuyu. Mwanamke akamjibu kwa Kiswahili, maana ndivyo watu wengi walivyomjibu Msomali yule hata alipowasemesha kwa lugha yao. Hersi alikuwa amezaliwa Nanyuki na kucheza na watoto wa Kikuyu tangu akitambaa. Miaka aliyokaa Nyeri hakuna aliyemwalika nyumbani kula. Walimheshimu sana, na heshima hiyo alikuwa akiinywea chai peke yake kila jioni.

"Huyu mtu mtampeleka wapi?" mwanamke aliuliza.

"Akiwa wa zamani sana, Nairobi."

"Nairobi anajua nani?"

Hersi aliinuka, akamwita Gicheru.

Gicheru alikuwa mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Hersi aliwaamuru wengine warudi nyuma, akalala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, akamwomba brashi na mwiko wake.

"Hili ulichimba lini?"

"Mwezi uliopita, afande. Futi tatu kwa futi tatu. Nilitoa vigae na mavi ya chuma kidogo. Hakukuwa na mfupa hata wa kuku. Nikafukia nikaenda."

"Na kitambaa? Kama umemaliza, kinangoja nini?"

"Ripoti ipite Nairobi, wanasema ni leo. Mpaka hapo hakuna mtu anaruhusiwa kuguza. Niliwaeleza watu wote kwa baraza."

"Si unasikia?" Nderitu alisema kutoka nyuma. "Ripoti ikichelewa, yeye anakula posho."

Hersi alifanya kazi polepole. Udongo wa bonde ulikuwa mweusi, wa kunata. Aliusogeza kwa brashi mpaka mifupa ikaonekana yote, kisha akabaki akiitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyezikwa hulala. Hata akitupwa huanguka kwa namna yake, mkono huku na mguu kule. Huyu hakuwa amelala wala kuanguka. Mifupa mirefu ilikuwa imepangwa bega kwa bega, ya mapaja na mapaja, ya mikono na mikono. Mbavu zilikuwa upande mmoja. Vidole vyote, vya mikono na vya miguu, vilikuwa vimekusanywa katikati, na hakuna kilichoachwa. Fuvu lilikuwa limewekwa juu kabisa, uso ukitazama mlima. Kwenye kisogo kulikuwa na tundu la mviringo.

"Risasi," Gicheru alinong'ona.

"Risasi. Kwa hiyo babu wa wahunzi hakuhusika." Hersi aliingiza ncha ya mwiko ndani ya tundu la jicho, akatoa donge la udongo, akaliweka kwenye kiganja. Lilikuwa jekundu. Akachota udongo wa shimo, akauweka kando yake. Mweusi. "Gicheru, hapa bondeni kuna udongo mwekundu?"

"Hakuna. Iko juu huko kwa kigongo."

"Basi mtu huyu alioza mahali pengine, akakaa huko miaka, ndipo akaletwa hapa. Aliyemleta hakumleta kwa haraka. Ni mtu aliyeokota mpaka ukucha."

Katikati ya mifupa kulikuwa na magamba makavu ya mti, ya kahawia. Hersi aliyanusa, akayatia ndani ya bahasha. Kisha akaitoa mifupa mmoja mmoja, akaipanga juu ya turubai. Alipoutoa wa mwisho, mwiko uligonga kitu. Akakifuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, kutu imeanza tu kukishika ukingoni.

Nderitu alicheka. "Ati mtu wa kale anakunywa soda."

"Hiyo ni yangu," Gicheru alisema upesi. "Niliiweka mimi."

"Umesikia, afande? Amekubali mwenyewe."

"Nyamaza kidogo, bwana Nderitu. Kwa nini uliweka?"

"Ndivyo tunafunzwa. Ukimaliza shimo, unaacha kitu ya sasa chini kabisa ndipo unafukia. Mwenye atakuja kuchimba miaka mia ijayo akipata hiyo kitu, anajua hapa walishachimba, anaacha kupoteza wakati. Wengine wanaacha koini. Mimi naacha kifuniko cha soda."

Kusema ni rahisi. Hersi alielekeza kidole kwenye kitambaa kingine chekundu, ng'ambo ya kijito, akawaambia wafanyakazi wawili wachimbe pale. Walikubali walipohakikishiwa kwamba wakiona mfupa wanaweza kukimbia. Walichimba mpaka mwisho wa udongo laini. Chini kabisa, peke yake, kilikuwapo kifuniko cha soda.

Hersi alirudi kwa Nderitu akakiweka kiganjani mwake.

"Mtu wa makumbusho akitaka kutudanganya kwamba mifupa ni ya kale, kitu cha kwanza atakachotoa ni hiki. Yeye ndiye mtu pekee hapa aliyejua kwamba kipo. Aliyeleta mifupa hakujua. Alichimba hapa kwa sababu udongo ulikuwa laini, akaishia juu yake."

Nderitu alikigeuzageuza kifuniko. "Basi ni Kihara," alisema. "Huyo alikula kiapo kwa baraza."

Kihara alikuwa na shamba la magimbi na miwa kando ya mto, na lote lingezama. Nyumba yake ilikuwa juu, kwenye udongo mwekundu. Hersi alimkuta akikama ng'ombe. Hakusimama, ila alivuta kigoda cha pili kwa mguu.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nikakuwekea hata maziwa."

"Ulisema bwawa halitajengwa ukiwa hai."

"Nilisema. Na niko hai, na bwawa inajengwa. Sasa nitafungwa kwa sababu ya kuaibika?"

Hersi aliiona sepetu imeegemezwa ukutani. Ilikuwa na udongo mweusi mpaka mpinini, na juu ya mweusi, michirizi ya mwekundu. Akaichukua.

"Hii imefanya kazi juu na chini."

"Shamba yangu iko chini na nyumba yangu iko juu. Ungetaka ninunue mbili?" Kihara aliendelea kukama. "Afande, wewe ni mtu wa Nanyuki, umekaa na sisi, unajua. Baba yangu alikufa hapa kwa hii boma, na sikumguza. Watu wa misheni ndio walikuja wakamzika. Sasa niende nishike fuvu ya mtu simjui, nitembee nayo, niipange vizuri kama sahani? Hata Nderitu akiniambia bwawa itahamishwa Embu, siguzi."

Hersi alimtazama mikono. Ilikuwa ikivuta chuchu za ng'ombe bila kukosea, lakini mtu mwenyewe alikuwa ameegemea nyuma kidogo, mbali na yale maneno aliyokuwa akiyasema. Huo haukuwa woga wa polisi. Watu wa kigongo kile walikuwa wamelelewa kuogopa mzoga wa binadamu kuliko simba, na ubatizo haukuwa umeutoa wote. Shaka ya Hersi juu ya Kihara iliishia hapo hapo, kabla maziwa hayajajaa.

"Ni nani hapa anaweza kuishika?" aliuliza.

"Hakuna." Kihara alifikiri. "Labda mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mtu wake. Mtu wako humwogopi vile unaogopa wa wengine."

"Ni nani wa hapa alipotea zamani na hajulikani aliko?"

"Wakati wa Emajensi ya wazungu walikufa wengi, lakini kila mmoja kuna mtu anajua alianguka wapi. Hakuna mwenye hajulikani." Alicheka kidogo. "Labda useme Mutahi, bwana ya Mama Wachuka. Lakini huyo hakupotea. Alipata mwanamke Nanyuki akasahau njia. Mpaka leo tukimwona mama tunamuuliza kama bwana yake amenenepa."

"Anawajibu nini?"

"Anacheka na sisi."

Hersi alitoa bahasha, akamwonyesha yale magamba. "Huu ni mti gani?"

"Muthanduku. Tulikuwa tunauza gome yake kiwanda ya ngozi. Sisi wote tuling'oa tukapanda chai. Ni yeye tu alikataa kung'oa. Ndio hizo kuni anauzia kambi."

Hersi alishukuru kwa kigoda akaondoka. Aliiacha Land Rover barabarani akapanda kwa miguu. Alipofika kwenye kijisitu cha muthanduku cha Mama Wachuka alifanya kama Gicheru alivyokuwa amefanya bondeni. Alitembea taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, macho chini, akageuka, akarudi kando ya nyayo zake mwenyewe, akageuka tena. Si kazi ya kuchangamsha. Mtu anayeifanya haongei na yeyote wala haoni milima, na Hersi aligundua kwamba ilimfaa.

Chini ya miti ardhi ilifunikwa na majani makavu na vijiti, tabaka juu ya tabaka. Kwenye mstari wake wa nne majani yaliisha ghafla. Kulikuwa na mahali, padogo kiasi cha kutandika mkeka mmoja, ambapo hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa pamefagiliwa. Udongo pale ulikuwa umegandamana na kung'aa kando kando, kama ua wa nyumba unavyokuwa ukifagiliwa kila siku kwa miaka. Katikati ulikuwa umechimbuliwa juzi juzi na kurudishwa. Ulikuwa mwekundu.

Hersi alisimama, akatazama bondeni. Vigingi vyeupe vya wapimaji wa bwawa vilionekana vikizunguka kigongo, kila kimoja kikionyesha mahali maji yatakapofika na kukoma. Cha karibu kilikuwa chini yake, ng'ambo ya shamba la mahindi, chini kabisa. Alikitazama mara mbili ili asijidanganye. Maji yasingefika pale hata yangejazwa na Nuhu.

"Umepaona," sauti ilisema.

Mama Wachuka alikuwa amesimama kati ya miti. Alikuwa na ufagio wa vijiti mkononi. Alikuwa amepanda nyuma yake polepole, na mbona aje na ufagio ilhali hapakuwa tena na mtu pale, Hersi hakumuuliza.

"Anaitwa Mutahi," Hersi alisema.

"Ndiye."

"Hakwenda Nanyuki."

"Nanyuki alienda akiwa kijana, akauza mbuzi, akarudi jioni. Siku ingine hajaenda."

Aliketi chini, akauweka ufagio magotini. Hersi akaketi pia, mkabala naye, na ule mkeka wa udongo mtupu kati yao. Alimwacha aseme kwa namna yake.

Wakati wa Emajensi walikuwa wamekusanywa na serikali ya kikoloni ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro, ambako mtu hakutoka ila kwa saa alizopewa. Yeye alikuwa na mimba ya Wachuka na hakukuwa na chakula. Mutahi alivuka mtaro alfajiri kabla ya ruhusa, aende kung'oa viazi vitamu kwenye shamba lao la zamani, pale pale walipoketi sasa. Askari wa doria walimpiga risasi akiwa amepiga magoti. Hawakujua hata jina lake.

"Nilipopewa ruhusa ya kutoka nilimpata na viazi kwa mkono," alisema. "Nikachimba na panga. Nikamrudishia udongo. Nikachukua viazi, kwa sababu alikuwa amezifuata. Nikarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwenye alipatikana nje ya mtaro ameuawa, walikuwa wanasema ni wa msitu, wa kupigana na serikali. Wa msitu shamba yake inachukuliwa. Mimi niko na mimba, nitaenda wapi? Nikasema ameenda Nanyuki kwa mwanamke. Nililia nikisema mpaka watu wakaamini. Wakati wa kupimiwa mashamba, hii ikaandikwa yake. Nikapanda muthanduku juu, hakuna mtu analima kwa muthanduku."

"Uhuru ulipokuja je?"

Alivinyoosha vijiti vya ufagio.

"Nilikuwa nimesema sana. Kila mtu alikuwa anajua huyo mwanamke, hata mavazi yake. Wachuka alikuwa amekua akijua hivyo. Ningeanzia wapi?"

Hersi aliitazama mikono yake juu ya ufagio. Katika kazi yake alikuwa amewasikia watu wengi wakiungama, na wengi walikuwa wakishusha mzigo. Huyu hakuonekana akishusha chochote. Alikuwa akieleza tu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Na wiki iliyopita?"

"Waliweka vigingi. Nikajua maji inakuja. Halafu yule kijana wa miwani akasema kwa baraza, mahali kuna kitambaa nyekundu hakuna trakta itaguza. Akasema ni serikali imekataza. Nikafikiri, basi, mahali pa kumweka ni hapo. Nikamtoa. Nikamfunga ndani ya mzigo ya kuni, kidogo kidogo. Nikambeba na mgongo mchana, nikapita kwa watu. Kihara alinisaidia hata kuinua."

Kihara alikuwa ameinua. Wakati mwingine Hersi angecheka.

"Mama Wachuka, kitambaa kilikuwa cha kuzuia mpaka ripoti ipitishwe tu. Ikishapitishwa, trakta linapita. Na hapo chini ndipo maji yatakapokuwa na kina kuliko mahali pote."

"Hiyo sikusikia." Aliangalia bondeni. "Na hapa?"

Hersi angeweza kumdanganya. Neno moja lingetosha, na nani angekuja kulipima. Lakini kulikuwa na jambo ambalo uongo usingeliweza.

"Vile vigingi vyeupe ndivyo mwisho wa maji," alisema. "Hapa hayafiki. Hayangefika kamwe."

Mwanamke alivitazama vigingi kimoja kimoja, mpaka kile kilichopotelea nyuma ya kigongo. Uso wake haukubadilika, ila mdomo ulibaki wazi kidogo.

"Basi nilimsumbua bure," alisema.

"Lakini kwa sababu hayafiki, anaweza kurudi. Ukienda kumwomba Nairobi hawatakupa. Mimi nitaandika kwamba si wa makumbusho. Ni mtu wa juzi, anajulikana jina, na ana mwenyewe. Itabidi alale Nyeri hospitalini kwanza, na hakimu atataka kukusikia ukisema haya uliyoniambia. Halafu utapewa. Nitasimama nawe siku hiyo."

"Nitasema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Upepo ulipita, majani machache yakaanguka mahali palipofagiliwa, na mkono wa mwanamke ukaanza kwenda kwenye ufagio, kisha ukatulia.

"Hawa wa hapa watacheka kidogo wanyamaze," alisema. "Hao siogopi. Ni Wachuka. Ameolewa Kutus. Hajawahi kutaja jina ya baba yake, hata siku ya harusi alikataa kiti yake iwekwe. Mimi nikimwambia atasema nimezeeka. Wewe ni polisi. Mwambie wewe."

Bondeni Hersi alimwambia Nderitu kwamba matrakta yanaweza kuja kesho. Nderitu alitaka kujua ni nani basi aliyeleta mifupa, na Hersi akamwambia atasikia kortini pamoja na wengine. Gicheru alijitolea kuifunga mifupa. Aliifunga kwa karatasi laini, mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule iliyokuwa nao shimoni, ingawa hakuna aliyemwagiza. Kisha akakiondoa kijiti chenye kitambaa chekundu, akakikunja kitambaa akakitia mfukoni bila kumtazama mtu.

Soko la Kutus lilikuwa limejaa Hersi alipofika alasiri. Aliuliza mara mbili tu. Wachuka alikuwa na meza yake ya nyanya karibu na stendi, mwanamke mwenye paji la uso la mama yake, akimkemea mteja aliyekuwa akizibonyezabonyeza. Alipoona afande amesimama alifuta mikono kwa aproni.

"Laiseni iko," alisema.

"Sikuja kwa laiseni. Nimetoka Kiamwiru. Ni habari ya baba yako."

Uso wake ulijifunga mara moja. Akaanza kupanga nyanya, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Sina baba. Kama amekuja kuomba msamaha, mwambie arudi kwa mwanamke wake. Amerudi lini?"

"Hakwenda popote," Hersi alisema.

Mkono wa Wachuka ulisimama juu ya nyanya. Hersi alimweleza pale pale, amesimama, kwa maneno machache aliyokuwa ameyachagua njia nzima na ambayo hata hivyo hayakumtosha. Alimweleza juu ya mtaro, juu ya viazi na juu ya kile kijisitu. Hakumficha lile tundu la risasi. Kelele za soko ziliendelea kuwazunguka. Mteja mmoja aliuliza bei, akauliza tena, akaondoka.

"Alikuwa ameenda kutafuta viazi," Wachuka alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Vya mama."

"Vya mama. Wewe ulikuwa tumboni."

Aliketi juu ya gunia. Alitazama mikono yake kana kwamba kuna mtu amemwekea kitu ndani. Baadaye aliuliza swali ambalo Hersi hakulitarajia.

"Na mama alijua siku hizo zote? Nikimtukana baba mbele yake, alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Sasa hivi ako na nani?"

"Yuko peke yake," Hersi alisema.

Wachuka aliinuka. Alizimimina nyanya zote ndani ya kreti, zile nzuri pamoja na zile mbovu, akalisukuma kreti chini ya meza ya jirani, akajifunga leso kichwani. Kisha akamuuliza kama gari lake linarudi juu leo.